Salama Tu, Ila Boila Haiwaki

Khalati yangu Ghalia, ndugu wa mama yangu, akiulizwa hali hujibu kuwa ni njema. Alilelewa hivyo kwao Wete, Pemba. Siku aliyofiwa na kaka yake nilimsikia kwa masikio yangu akipokea simu. "Habari za hapo?" aliulizwa. "Njema, alhamdulillahi," akajibu, na sauti haikutetemeka. "Ila kaka Vuai ametutoka alfajiri." Kwanza njema, kisha msiba. Mtu wa pwani haoni ajabu. Anajua ile njema ni kubisha hodi tu, maneno yenyewe yako nyuma yake, na anasubiri "ila" ifike.

London hawaisubiri. Naandika habari hii kwa sababu ya "ila" iliyokatwa njiani, ikamfungia mwanamke mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe wiki nzima ya Januari, bila kosa alilofanya na bila mtu hata mmoja wa kushikwa shati.

Khalati anakaa Rayners Lane, ghorofa ya pili, katika fleti ya shirika la nyumba. Alikuja nchi hii na mumewe, Mzee Abdulwakil, baada ya yale ya Januari 2001 kule Pemba, waandamanaji walipopigwa risasi, akiwa na mimba ya binti yao Sundus. Alifagia maofisi karibu na Edgware Road kabla wenye maofisi hawajaamka, kisha akapata kazi ya kupakua chakula katika shule ya msingi, ambako mpaka leo watoto humwita Miss Galia kwa kuwa "gh" imewashinda. Mumewe aliendesha basi hadi alipostaafu. Ni watu ambao mji huu hauwaoni mpaka siku wasipofika kazini.

Disemba Mzee Abdulwakil aliteleza kwenye ngazi za stesheni akavunjika nyonga. Akafanyiwa operesheni, ikaenda vizuri, kisha akiwa kitandani akapatwa na kichomi. Siku nyingi tulikaa roho juu. Ilipofika katikati ya Januari homa ilikwisha, akaanza kutembea kwa kigari cha kushikilia, na mama mmoja wa hospitali, ambaye kazi yake ni kupanga wagonjwa warudi makwao, akamwambia khalati kwamba Ijumaa mzee ataruhusiwa. Kwa sharti moja: mapafu yale hayataki baridi, kwa hiyo nyumba iwe na joto. Ikiwa haina, atapelekwa kwanza kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa muda.

Khalati anaijua hiyo "kwa muda". Rafiki wa mumewe, dereva mwenzake, aliingizwa huko kwa muda, na kilichomtoa ni jeneza.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, ikazima.

Aliligundua kwa mkono. Kila asubuhi akipita koridoni hugusa redieta, chuma cha ukutani kinachotoa joto, kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso. Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi kama chuma cha geti. Akampigia Sundus, ambaye ni muuguzi Manchester, kwa simu ya video. Mama husema Kiswahili na binti hujibu Kiingereza, na hawajawahi kupotezana.

"Nionyeshe boila, Mama."

"Ndiyo hii."

"Hiyo ni friji. Geuza simu."

"Mbona hukusema mapema? Haya, hii hapa. Ina taa nyekundu, kama jicho la hasidi."

"Jiko la gesi linawaka?"

"Linawaka. Nimeshachemsha chai."

"Basi gesi ipo. Swichi ya ukutani? Iko on. Ile saa ya kupangia joto? Sawa. Sasa tazama hicho kiduara chenye mshale. Mshale uko wapi?"

"Umelala chini kabisa. Umechoka."

"Maji yamepungua ndani. Chini ya boila kuna paipu ya chuma iliyosukwa, na vibomba viwili vidogo. Vifungue polepole."

Khalati akasema bismillahi, akafungua. Maji yakapita kwa mlio kama wa nyoka kwenye majani makavu. Mshale ukainuka.

"Funga! Mama, kwenye kijani, funga!"

"Nimefunga, mwanangu, usinipigie kelele, nitaivunja."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia upya. Boila ikavuta pumzi, ikapiga tik, tik, tik, ikanyamaza. Taa nyekundu ikarudi. Sundus akamtuma barazani kwenye paipu nyeupe ya plastiki inayotoa maji machafu ya boila nje, maana usiku ule barafu ilikuwa imeshika mpaka vioo vya magari, na paipu ile ikiganda boila hujizima. Kweli, mdomo wake ulikuwa umezibwa na barafu. Khalati akaimwagia maji ya uvuguvugu kwa birika hadi kipande kikadondoka bustanini. Akarudi mbio, akabonyeza. Tik, tik, tik. Safari hii moto ukashika, akauona mwali wa buluu kwenye kijidirisha, akaanza kumshukuru Mungu. Shukrani haijamaliza kutoka mdomoni, moto ukafa.

"Nimeisomea mpaka Ayatul Kursiy," akamwambia Sundus.

"Inataka fundi, Mama. Na usifungue hicho kifuniko, tafadhali. Ni gesi. Sheria hairuhusu mtu asiye fundi aliyesajiliwa."

"Nifungue nini? Mimi hata kopo la maziwa nafungua kwa hofu."

Akalipigia simu shirika la nyumba. Baada ya muziki mrefu kijana mmoja mwenye adabu akaiandikisha kazi na kusema fundi atakuja kesho, baina ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na lazima awepo mtu mzima wa kumfungulia. Fundi akibisha asipojibiwa, kazi inafutwa na foleni inaanza upya.

Fikiri maana ya sentensi hiyo. Mwenye nyumba hana haja ya kufuli wala mlinzi. Anakwambia tu kwamba kuna mtu atakuja wakati wowote kuanzia macheo hadi machweo, nawe unajifunga mwenyewe. Jumanne khalati hakwenda kazini na hakwenda hospitali. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, koti juu ya gauni, kanga juu ya koti, akitazama kila gari jeupe lililopunguza mwendo. Alisali koti mwilini. Kwenda msalani aliogopa, kwa kuwa kengele ya chini haisikiki vizuri kule, na mara mbili alifungua dirisha kuhakikisha hakuna kadi iliyotupwa mlangoni ya kusema tulikuja hukuwepo. Baridi ikaingia zaidi.

Adhuhuri mumewe alipiga.

"Bi Ghalia, leo umenitupa?"

"Hasha, baba Sundus. Namngoja fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa... dirisha. Halifungi sawasawa." Hakutaka kumtia hofu.

"Basi aharakishe. Leo wamenipa samaki wa pembe nne. Hana uso wala mkia, nimemtambua kwa jina tu. Ijumaa nataka mchuzi wa papa, sikiliza, na ukali wake."

"Utaupata, inshallah."

"Na kitanda changu. Hapa nalala kama faili."

Fundi hakuja. Jioni, giza limeshaingia, simu ikalia. Alikuwa binti kutoka shirika, sauti changamfu, haraka haraka. Alitaka kujua, kwa Kiingereza chao, kama everything all right na heating yake.

Khalati akafanya alichofundishwa na mama yake, aliyefundishwa naye na mama yake. "All right, thank you, my dear, everything all right," akasema, na akavuta pumzi ili alete "ila" yake.

"Lovely!" akasema binti. Simu ikakatika.

Khalati alidhani ni mtandao. Akakaa akingoja apigiwe tena. Jumatano akashinda dirishani mchana kutwa, na alipochoka akapiga mwenyewe. Akaambiwa kazi imefungwa. Nani kaifunga? Yeye. Alisema mwenyewe kwamba kila kitu kiko sawa, na sauti yake imerekodiwa. Akaapa hakusema hivyo. Wakamwandikisha upya, fundi kesho, saa mbili hadi saa kumi na mbili. Na jioni ile ile wakapiga kuthibitisha.

Mara hii Kavita alikuwa yupo. Kavita anakaa ghorofa ya chini. Ni Mhindi aliyezaliwa Tanga, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Sundus. Alikuwa amepanda na bakuli la kichri cha moto, wali uliopikwa na choroko, baada ya kuona taa ya khalati ikiwaka na pazia wazi siku mbili mfululizo. Akasikia yote. Akamwona jirani yake ametabasamu kwenye simu, akisema all right, all right, huku mvuke unamtoka mdomoni kwa baridi.

"Bi Ghalia!" akapiga kelele, lakini simu ilishakatwa. "Umesema nini?"

"Kaniuliza hali, nimejibu."

"Hakuuliza hali! Kauliza boila!"

"Kasema je, mambo yako sawa? Sasa nimwambieje? Nilitaka nimalize salamu ndiyo niseme ila. Akakata. Hawa watu simu zao mbovu."

Kavita akakaa kitini taratibu. Nadhani alikuwa anataka kucheka na kulia pamoja. "Si mbovu," akasema. "Hawajui kama kuna ila. Ukisema sawa, wanafunga. Wewe ndiye uliyefunga, dada. Mara mbili."

Khalati akaitazama simu mkononi. Kisha akasema, "Subhanallah."

"Sasa tufanye mazoezi. Mimi ni simu. Kriing! Hello, how are you today?"

"I am fine, tha—"

"Nimekata."

"Ngoja! Hata hujaniacha..."

"Ndivyo wanavyofanya. Tena. Kriing! Hello, everything all right?"

"Everything..." Khalati akauma mdomo. "Kavita, siwezi. Nimtapikie mtu shida zangu hata hajavua viatu?"

"Huyu hana viatu. Yuko kwenye kompyuta, masikio yamezibwa na vispika."

"Hata wa kwenye kompyuta ana mama yake. Mama yake hajambo? Sijui."

"Mwache mama yake! Unataka Abdulwakil arudi au hutaki?"

Hilo likamwingia. Nilipohadithiwa na Kavita, aliniambia kwamba khalati alisimama, akajifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda kuzungumza mahakamani, akasema: "Piga."

"Kriing. Everything all right?"

"No."

"Tena."

"No! Not all right! Dead!"

Wakapiga simu ya kweli saa hiyo hiyo, kabla ujasiri haujapoa. Kijana aliyepokea akamuuliza hali, na khalati, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamjibu mtu asiyemjua kwamba si njema. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama aliyevua nguo barabarani. Lakini kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alhamisi asubuhi fundi alifika.

Alifungua kifuniko, akachungulia kwa tochi, akazungusha kitu kwa kidole. Feni ya kusukumia moshi nje imekufa, akasema. Boila inawaka, inaona moshi hauna pa kutokea, inajizima isije ikaua watu. Inafanya kazi yake. Feni hana kwenye gari, ataiagiza, Jumanne huenda, saa mbili hadi saa kumi na mbili. Akaacha hita mbili ndogo za umeme, akaenda zake. Hakukaa hata muda wa kunywa chai.

Jumanne. Na mzee anaruhusiwa Ijumaa.

Khalati akaanza kupanga upya, kwa kuwa ni mtu wa kupanga. Hita moja chumbani, moja sebuleni. Kavita alishasema sebule yake ya chini ina joto, mzee ashinde kwake mchana mpaka boila itengenezwe, na kijana wake atawashika mkono kwenye ngazi. Sundus angekuja Jumamosi. Mambo yalikuwa yanawezekana. Akaanza hata kuloweka papa.

Alasiri ikaja simu ya hospitali. Yule mama wa kuwapanga wagonjwa alikuwa na swali moja tu kabla hajamaliza kazi zake. Nyumbani, everything all right?

Khalati akanyooka. Somo lilikuwa limemkaa vizuri sasa. "No," akasema kwa sauti kamili. "Not all right. My heating is dead."

Vitufe vya kompyuta vikasikika vikibonyezwa. Kisha yule mama akamshukuru kwa kusema kweli, kwa kuwa familia nyingi huficha. Basi kesho gari litampeleka mzee kwenye nyumba ya wazee, Kingsbury, mpaka hapo itakapoamuliwa.

"But—" akasema khalati. But nina hita mbili, but jirani yangu ana joto, but binti yangu muuguzi anakuja. Zote hizo zilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Simu ilishakatika. Akapiga tena na tena mpaka giza, ikalia tu bila kupokewa.

Nimesoma chuo katika mji huu. Nilifundishwa kwamba umasikini wa nchi hizi ni jambo la takwimu, na kwamba mifumo hufeli kwa bahati mbaya. Mimi nasema mfumo unaomuuliza mtu swali kwa njia ambayo jibu lolote litakuwa kosa lake haukufeli. Umefanya kazi yake, kama ile boila. Akisema sawa, kazi inafungwa. Akisema si sawa, mume anachukuliwa. Na jioni kila mmoja wao anarudi nyumbani kwake kwenye joto akiamini alimhudumia kwa heshima, na pengine ni kweli, mmoja mmoja. Ndiyo maana inatia hasira.

Ijumaa fundi hakuwa anakuja, kwa hiyo kwa mara ya kwanza wiki ile khalati alikuwa huru kutoka. Nilikwenda naye. Mezani kwa wauguzi tukaambiwa yule mama hayupo leo na mipango imeshakamilika.

Mzee Abdulwakil alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amevaa viatu, kofia kichwani, mfuko wake magotini.

"Alaa, mmekuja wawili," akasema. "Yuko wapi mwenye gari? Nimewaambia tupite dukani tununue ndimu."

Khalati akakaa karibu naye. "Baba Sundus, hupelekwi nyumbani."

"Napelekwa wapi?"

"Nyumba ya wazee. Boila imekufa tangu Jumatatu. Nyumba ina baridi. Nilikwambia dirisha, nilikudanganya. Wameniuliza nikawaambia ukweli."

Mzee akaushusha mfuko sakafuni. Nilitegemea akasirike. "Wamekuuliza wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Mguu ndio uliovunjika, Ghalia. Kichwa kipo." Akageuka akamwita muuguzi kwa Kiingereza chake cha miaka yote ya usukani, kile cha kumwambia abiria mlevi ashuke. Yeye haendi Kingsbury. Anakwenda kwake.

Ikawa rabsha. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakasimama mlangoni wakitazama saa. Akaja daktari kijana, akamuuliza mzee leo siku gani, yuko wapi, anaelewa hatari gani iko kwenye nyumba ya baridi. Mzee akajibu yote. Daktari akamwambia wazi kwamba kichomi kikirudi, safari hii huenda kisiondoke.

"Nimekusikia," mzee akasema. "Na huko mnakonipeleka, homa ikipanda nikaanza kuweweseka, nani ataelewa ninachosema?"

Daktari akafunga faili, na nampa heshima yake kwa kutobuni jibu. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa. Kumbe haki hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, imekaa tu, haina wa kuitaja. Wakamtilisha saini karatasi ya kukataa, wakampa mfuko wa dawa, na gari lililokuwa limpeleke Kingsbury likatupeleka Rayners Lane. Kijana wa Kavita na mimi tulimpandisha ngazi, ngazi moja moja. Ilichukua muda mrefu na ilimuuma. Alipofika juu midomo ilikuwa ya kijivu, akasema kabisa kwamba hashuki tena, wala kwa Kavita wala kwa nani, mpaka mguu upone.

Tukamweka sebuleni na hita zote mbili miguuni. Tukagundua kwamba zikiwaka zote mbili, huwezi kuwasha birika, umeme unajikata wenyewe. Khalati ikabidi achague kila mara baina ya joto na chai. Papa alipikwa kwenye jiko la gesi, mzee akala vijiko vichache, akausifu ukali wake, akasinzia akiwa amekaa.

Nilipokuwa nafunga koti niondoke, khalati alikuwa ameshavuta kiti chake. Hakukiweka dirishani. Alikiweka kati ya mumewe na mlango, mahali ambapo anaweza kusikia kengele ya chini na pumzi za mzee kwa pamoja. Jumatatu kazini wamemtaka, hatakwenda. Kushuka mpaka dukani kununua mkate hawezi pia, mpaka Sundus afike, na Sundus atarudi Manchester Jumapili. Jumanne, saa mbili hadi saa kumi na mbili.

"Umefanya sawa, khalati," nikamwambia. Nilitaka iwe kweli.

"Sijui," akasema. "Nyamaza kidogo."

Mzee alikohoa usingizini, kikohozi kifupi, kikavu. Khalati akasimama. Akavuta blanketi hadi kidevuni pake, akaweka kiganja kifuani kwa mzee, juu ya vifungo vya koti, na hakukaa mpaka kikohozi kilipotulia.